Injini ya Nyumba Mbili

Nimestaafu. Wenzangu wa gereji walinipa saa ya ukutani, zawadi ya busara sana kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa kufika. Niliitundika sebuleni, na tangu hapo mke wangu ameifanya hakimu wake: nikikaa kidogo tu, ananiuliza nimekaa tangu saa ngapi. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mtu anayeandika huonekana ana kazi, hata kama kazi yenyewe ni kulalamika kwa mwandiko mzuri.

Sababu nyingine ni nyinyi vijana mliobaki na spana. Juzi mmoja wenu alinifuata mpaka nyumbani, simu mkononi, kuniuliza swali. "Mzee Momanyi, nataka kuweka ile gesi ya nitrasi kwa gari. Kompresheni niweke ngapi?" Alikuwa ameshasoma majibu kwenye simu, yakapingana, akaona aje kwangu niongeze la kwangu. Nikamwuliza gari ni la nani. Akasema hilo halihusiani na swali. Nikajua hajafanya kazi Kisii muda mrefu. Hapa kwetu, kabla hujauliza injini ina silinda ngapi, uliza baba wa mwenye gari alioa wake wangapi. Nitaeleza. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka, kwa kuwa za vyeo hakuna atakayeziamini na za mshahara zitaisha kabla ya kuanza.

Nilianza kazi mjini Kisii wakati Uhuru ulikuwa bado mpya na kila ukuta umepakwa rangi. Gereji ilikuwa ya Kalasinga mmoja aliyeitwa Harnam, mtu mrefu, ndevu zimefungwa kwa wavu, aliyekuwa ametengeneza ndege za kivita huko Burma kabla ya kuja kutengeneza malori ya ndizi. Sijui alimkosea nani. Siku niliyofika aliniuliza kama najua kuendesha gari. Nikasema najua. Akaniuliza kama najua kusema kweli. Nikanyamaza. Akaniajiri.

Miezi ya kwanza sikugusa injini. Nilifagia, nilikoroga chai, na nilipaka mipira ya ndani ya magurudumu unga laini wa mawe ya Tabaka ili isishikane na tairi. Wachongaji wa kule walikuwa wakitupa unga huo kama takataka, na Harnam alikuwa akiupokea kama dawa. Nikienda nyumbani jioni nilikuwa mweupe mpaka kwenye nyusi, na mama yangu alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe amepata kazi ya kinu cha unga. Sikumsahihisha, kwa sababu kinu kilikuwa na heshima kuliko gereji.

Baadaye Harnam alinifundisha kompresheni. Nitawaeleza kama alivyonieleza, maana naona hata wenye vyeti mnaisema tu bila kuijua. Pistoni ikishuka, silinda inavuta hewa na petroli. Ikipanda, inabana kile ilichovuta. Ikiwa kiasi kilichojaza nafasi tisa kimebanwa kikaingia nafasi moja, hiyo ni tisa kwa moja. Ukibana zaidi, mlipuko unakuwa mkali na gari linapata nguvu. Ukizidisha, petroli inawaka yenyewe kabla ya wakati, na utasikia injini inagonga, kokokoko, kama mtu aliyefungiwa ndani anataka kutoka. Asipofunguliwa, anatoka kwa kutoboa pistoni.

"Injini iko sawa na tumbo," Harnam aliniambia. "Jaza kidogo, hapana fanya kazi. Jaza sana, pasuka."

Tulipima kwa bomba la sindano la hospitali lililotolewa ncha. Unafunga vali, unafunika chumba cha hedi, yaani kifuniko cha juu ya silinda, kwa kipande cha kioo chenye tundu, unaingiza mafuta ya taa polepole mpaka kiputo cha mwisho cha hewa kitoke. Hapo unajua nafasi iliyobaki juu ya pistoni, mengine ni hesabu ya darasa la saba. Nimeona mafundi wa siku hizi wakikadiria kwa macho. Macho ni mazuri, nayatumia kusoma gazeti.

Kisha kuna hewa. Kisii ni mlimani na hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo injini inapata pumzi kidogo na inastahimili kubanwa zaidi. Kila mwenye gari alitaka tumkwangulie hedi, yaani tupunguze uso wake ili nafasi ya kubania iwe ndogo. Mfanyabiashara mmoja wa ndizi kutoka Masimba alitubembeleza wiki nzima. Tukamkwangulia. Pikapu yake ilipanda kilima cha Keroka kama imetukanwa, akaja kutuletea mkungu wa shukrani. Halafu akapata soko Kisumu, ambako hewa ni nzito na jua halina huruma. Alirudi akivutwa kwa kamba, ndizi zikiwa zimeiva njiani na yeye pia. Tangu siku hiyo nimechagua kompresheni kwa kanuni moja: fikiria petroli mbaya kuliko zote gari litakayonyweshwa, hewa nzito kuliko yote litakayovuta, na mguu mzito kuliko yote utakaolikanyaga. Halafu punguza kidogo, kwa sababu mwenye gari amekudanganya kuhusu yote matatu.

Sasa nifike kwenye gesi. Miaka ya sabini ilipoingia, mbio za magari zilikuwa zimewapanda vijana kichwani. Mwenye gari la kwenda kanisani alichora namba mlangoni na kuanza kuita barabara ya Keroka uwanja wa mazoezi. Katika wazimu huo lililetwa kwetu gari dogo la Kijapani, la silinda nne, mali ya marehemu Mzee Areba.

Mzee Areba alikuwa na chai, pareto, duka na wake wawili. Mke mkubwa alikuwa ameshafariki akiacha wana watano, na mkubwa wao aliitwa Ombui. Mke mdogo, Mama Ratemo, alikuwa na mabinti wawili walioolewa na mwana mmoja tu, Ratemo. Nyumba kubwa, yaani wa mke mkubwa, walikuwa Wakatoliki, nyumba ndogo walikuwa Wasabato kama mimi. Mzee aliwagawia mashamba vizuri, kila mpaka ukaonekana kwa jicho. Gari hakuligawa. Alisema liwe la wote, kisha akafa, jambo ambalo lilimwepusha na matokeo.

Yakatangazwa mashindano ya magari ya wilaya: kuanzia Kisii mjini, kupanda mpaka Keroka, kisha kushuka na kupanda kwa barabara ya vumbi hadi Nyamira. Nyumba zote mbili zikakubaliana gari la baba likimbie. Ratemo angeendesha kwa sababu alikuwa na mkono mzuri wa gari. Ombui angekaa pembeni yake kusoma ramani ya barabara ambayo wote wawili walizaliwa kando yake. Haki itendeke.

Ugomvi ulikuwa wa injini. Ombui alikwenda Nairobi akanunua pistoni zenye nundu, ambazo zinapanda juu sana na kubana mpaka kumi na moja kwa moja. Alisema ndizo wanazotumia washindi. Ratemo alikuwa amesikia habari za gesi ya madaktari wa meno, ile ya kumfanya mgonjwa acheke wakati anang'olewa, kwamba ukiipuliza ndani ya injini gari linaruka. Mama yake aliuza pareto, na Ratemo akaenda Nakuru kwa daktari wa meno aliyekuwa akifunga kazi, akarudi na chupa ya chuma na pistoni bapa za nane kwa moja. Habari zikaenea sokoni kwamba gari la Areba litapigwa sindano na litacheka.

Harnam hakucheka. Aliijua gesi hiyo kutoka vitani, walikuwa wakizipa ndege wakati wa kukimbizana na adui. Alituketisha mimi na ndugu wale wawili na kutueleza. Gesi ile ni kama hewa iliyotiwa ndani ya chupa. Ukifungua, injini inapata pumzi ya ziada, unaiongezea petroli ya kulingana nayo, na mlipuko unakuwa mkubwa kuliko kawaida. Kwa hiyo injini ya gesi lazima ianze na kubana kidogo.

"Kama weka gesi, punguza bana," alisema. "Kama taka bana, wacha gesi. Kama taka mbili pamoja, nunua jeneza. Duka iko karibu na stendi."

Ilikuwa hotuba fupi na safi kabisa. Ndugu walimshukuru, wakatoka nje, wakaendelea kugombana. Ombui akasema pistoni zake haziwezi kukaa kabatini wakati za nyumba ndogo zinazunguka. Ratemo akasema gesi ya mama yake haiwezi kukaa stoo. Basi wakafanya kile ambacho kila mtu wa kwetu mwenye akili timamu hufanya injini ikimshinda. Wakaita wazee wa ukoo.

Wazee walikaa juu ya matairi gerejini, fimbo katikati ya magoti. Aliyeongoza kikao aliitwa Mzee Bosire, ndugu wa marehemu, mtu aliyekuwa amegawa ng'ombe, mashamba na hata miti ya mipakani, na hakuna kesi yake iliyowahi kukatiwa rufaa.

"Gari ni ngapi?" aliuliza.

"Ni moja, baba," nikajibu.

"Na hizo silinda?"

"Nne."

"Nyumba ni ngapi?"

"Mbili."

Aliwatazama wenzake kwa huruma, kisha akanitazama mimi. "Sasa fundi, shida iko wapi?"

Ndivyo ilivyoamuliwa. Silinda mbili za mbele ziwe za nyumba kubwa, zipewe pistoni za nundu. Silinda mbili za nyuma ziwe za nyumba ndogo, zipewe pistoni bapa. Nyumba kubwa ilitangulia mbele kwa sababu ya umri. Wazee walikunywa chai, wakabariki kazi, wakaenda zao. Harnam alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Mimi naona vita ya Burma," alisema. "Hii hapana ona."

Nilimwuliza tufanye nini. Akasema gari ni lao, ujinga ni wao, lakini mkono utakaofunga boliti ni wangu, kwa hiyo nifikirie. Nilifikiria siku mbili. Tazama, hukumu ile ya wazee ilikuwa na mlango mmoja wa kutokea. Silinda za mbele zilikuwa zinabana sana, basi zisipewe gesi kabisa. Za nyuma zilikuwa zinabana kidogo, basi gesi yote iende kwazo. Gesi ikifunguliwa, nguvu ya nyuma ingepanda na kukaribia ile ya mbele, na injini ingetembea ikiwa karibu na usawa. Ikifungwa, ingetikisika kidogo kama mtu aliyevaa kiatu kimoja, lakini isingevunjika. Harnam alichora kwenye vumbi la sakafu, akafuta, akachora tena. Mwishowe alisema, "Inaweza. Lakini mbele pita gesi hata kidogo, kwisha."

Nilifanya kazi ile kwa makini kuliko zote nilizowahi kufanya. Pistoni za nundu zilikuwa nzito kuliko za bapa, kwa hiyo nilizipima kwa mizani ya sukari ya duka la jirani na kuzikwangua kwa ndani mpaka zikalingana. Nilichelewesha moto wa plagi kidogo ili zile za mbele zisigonge. Nilitoboa njia za hewa za silinda mbili za nyuma, nikaingiza vibomba viwili vya shaba, na kila kimoja nikakipa petroli yake ya ziada. Chupa niliifunga nyuma ya kiti cha Ratemo kwa mikanda ya chuma. Tuliijaribu Alhamisi kwenye kilima. Gesi ilipofunguka gari liliruka, na Ombui akasahau ramani yake ikapeperuka dirishani. Nilifurahi sana. Siwezi kuficha, hata leo nikikumbuka mlio ule natabasamu.

Ijumaa alasiri Mama Ratemo alikuja gerejini na maparachichi ndani ya leso. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mikono yake migumu kwa kuchuma pareto. Alisimama mbele ya gari akaliangalia kama unavyomwangalia mkwe ambaye hukumchagua.

"Fundi, mimi sijui mambo ya namba zenu," alisema. "Niambie kitu moja tu. Atarudi?"

Kila mtu Kisii aliijua hali yake. Ratemo alikuwa hajaoa, na hakuwa na ndugu wa tumbo moja wa kiume. Akifa, nyumba ile imefungwa. Shamba lake, chai yake, hata pale alipoketi mama yake kuota jua, vyote vingerudi kwa wana watano wa nyumba kubwa, na yeye angezeekea kwa hisani ya Ombui. Lakini alipouliza sikuona shamba machoni mwake. Niliona mama aliyekuwa na mtoto mmoja.

Nikamwonyesha vibomba viwili vya shaba. "Hivi viwili vikibaki viwili, Mama Ratemo, atarudi. Gesi inaingia kwenye silinda zake tu. Ikiingia kwenye hizi za mbele, pistoni itatoboka na injini itakwama ghafla. Magurudumu yakikwama pale kwenye kona ya baada ya Keroka, chini ni mashamba ya chai, na ni mbali."

Aliviangalia vile vibomba kwa muda. Akavigusa kimoja kimoja kwa kidole, akaenda zake. Jua lilikuwa linakaribia kuzama, nami nikaweka spana chini kwa Sabato.

Jumamosi yote nilikuwa kanisani. Ratemo na mama yake pia walikuwa kanisani, viti viwili mbele yangu. Mahubiri yalikuwa ya tamaa, na nilikubaliana nayo yote bila kujua kwamba wakati huohuo yanatendeka gerejini.

Jumapili asubuhi magari yalipangwa mjini, watu wamejaa mpaka juu ya mapaa. Wakatoliki wengi walikuwa wamehudhuria misa ya alfajiri ili wawahi, na padre, nasikia, aliwahi kuliko wote. Nilifungua boneti nikague mafuta kwa mara ya mwisho. Nikahesabu vibomba vya shaba. Vilikuwa vinne.

Nikahesabu tena. Nikamwita Ombui.

"Nani ameongeza hivi?"

"Ni mimi," alijibu bila aibu hata chembe. "Nilikuja jana kukutafuta, nikaambiwa umeenda kuomba. Nikaleta fundi wa Masimba, yeye hana dini."

"Na Harnam alikuruhusu?"

"Harnam alikuwa ameenda kununua vipuri. Isitoshe, gari ni la baba yangu ama la baba yake?"

"Ombui, silinda zako zimeshiba! Nilikueleza. Ukizipa gesi zinapasuka."

"Hao wa nyumba ndogo wakipewa gesi hawapasuki, sisi tukipewa ileile tunapasuka?" Akageukia watu. "Mnasikia?"

Watu walisikia. Mzee Bosire na wenzake waliletwa haraka, na pale barabarani, magari mengine yakinguruma, kikao kikafunguliwa upya. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Mzee Bosire alisikiliza kwa heshima yote, kisha akaniuliza kama kuna sheria ya serikali inayoinyima nyumba kubwa gesi. Nikasema hakuna, ila kuna ya chuma. Akasema hiyo hajawahi kuisikia. Nikataka kung'oa vile viwili vya mbele kwa nguvu. Ombui akanishika mkono.

"Ukitoa zangu, toa na zake."

"Zangu zisitolewe!" akapaza sauti Ratemo kutoka ndani, kofia ya chuma kichwani. "Bila gesi hii gari ni kigari cha kubebea maziwa. Wacha zote nne, fundi. Nitafungua polepole."

Niliogopa. Nawaambia bila kuzunguka, niliogopa, na sikuwa nahofia gari wala jina la gereji. Nilimjua Ratemo. Hakuna kitu maishani mwake alichowahi kukifungua polepole. Mwenye bendera alikuwa ameshaanza kutuita kwa mkono.

Ndipo Mama Ratemo akapenya katikati ya watu, bado na nguo ya kanisani ya jana. Alinijia mimi kwanza, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni mbili ama ni nne?"

"Ni nne, mama."

Alizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akaweka kiganja juu ya ile chupa.

"Ratemo. Hii nani alinunua?"

"Ni wewe, mama. Na pareto yako. Lakini sasa..."

"Basi nimechukua. Fundi, fungua."

Ratemo alitoka ndani ya gari. "Mama, watu wote wanatuona!"

"Waone."

"Tutashindwa, mama. Nimewaambia watu wa Nyamira nitafika wa kwanza. Utaniaibisha wilaya nzima!"

"Yaya," alisema, na kwetu hilo likisemwa na mama kwa sauti ile, halina tafsiri ndefu. Ni hapana, na limekwisha.

Mzee Bosire akaona wajibu wake kuingilia. "Mama Ratemo, fikiria. Unainyima nyumba yako mwenyewe chakula."

"Nimenyima zote mbili," alijibu, akimtazama mzee moja kwa moja usoni. "Nyumba kubwa hakuna gesi. Nyumba ndogo hakuna gesi. Iko sawa ama haiko sawa, baba?"

Mzee Bosire aliangalia wenzake, akaangalia fimbo yake. Maisha yake yote alikuwa amegawa vitu viwili viwili, na hapa ameletewa mgao ambao hauna kasoro hata ukiupima kwa mizani ya sukari. Ombui naye alitafuta la kulalamikia, akalikosa. Hakuwa amepunjwa.

"Iko sawa," mzee akakiri.

Nilikuwa nimeshafungua mikanda. Nilibana vibomba vyote vinne kwa koleo, nikavikunja na kuvibana tena, kisha nikafunga boneti. Mama Ratemo aliifunga ile chupa ndani ya leso, akaibeba mgongoni kama kuni, akasogea kando ya barabara na kuikalia. Bendera ikashuka. Gari la Areba liliondoka likitikisika, silinda mbili zinavuta kwa nguvu na mbili zinazifuata kwa adabu, na Ratemo hakumpungia mama yake mkono.

Harnam alitupakia kwenye pikapu ya gereji, mimi na Mama Ratemo na chupa, tukakata kwa njia fupi ya kwenda Nyamira. Njiani nilijaribu kumweleza Mama Ratemo kwamba kwa kompresheni ya namna ile bila gesi, na kwa hewa ya Keroka, injini haiwezi kugonga sana. Akaniambia, "Sawa, baba," kwa namna ya kunipa ruhusa ya kunyamaza.

Uwanjani Nyamira, karibu na ofisi za serikali, watu walikuwa wamepanga mstari mrefu. Likaja gari la kwanza, likashangiliwa. Likaja la pili. Mama Ratemo alisimama juu ya kizuizi cha mawe, mikono ameifumbata kifuani. Likaja la tatu, la nne, la tano. Vumbi likatulia. Barabara ikabaki tupu, na sikuwahi kuona barabara tupu namna ile. Nilianza kuhesabu kona kichwani, nikafika ile ya baada ya Keroka nikaacha. Harnam alikuwa anafuta miwani yake, nayo haikuwa na vumbi.

Kisha tukasikia mlio. Ulikuwa mlio mbaya, wa kuchechemea, pa-pa, tu, pa-pa, tu, na hakuna injini nyingine duniani iliyokuwa na mlio huo. Gari likaibuka kutoka kwenye kona, taratibu, limejaa vumbi, watoto wawili wa baiskeli wakilifuata kwa karibu. Hakuna aliyeshangilia. Mtu mmoja aliuliza kama linaleta maziwa.

Likasimama. Ombui alitoka upande mmoja na Ratemo upande mwingine, wamenuna wote wawili kwa kipimo kimoja, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza nyumba zile mbili kukubaliana jambo. Ratemo alivua kofia akaitupa ndani. Alipita mbele ya mama yake, karibu kabisa, bila salamu, bila kumtazama, akatokomea kwenye umati akitembea kwa hatua ndefu.

Nilimwonea mama yule uchungu. Nikasema kwamba kijana amekasirika, labda kwa siku nyingi, lakini atatulia.

Alikuwa bado anaufuata mgongo wa mwanawe kwa macho, machozi yanamshuka na hayafuti.

"Mwache anune, fundi," akasema. "Umeona vile anatembea?"